Yaya anataka kununua nyumba karibu na bahari ku Florida, asiransi inatutesa. Naomba ushauri

Dada_wa_Katuba
Jambo yenu wote. Niko Lubumbashi, yaya wangu, mukubwa wetu wa kuzaliwa, iko Marekani miaka mingi, sasa amepata nyumba ya kununua ku Fort Myers, Florida, bahari unafika kwa miguu. Bei ni dola 285,000, yaya anasema mbele ya kile kimbunga Ian cha 2022 zile nyumba zilikuwa bei ya juu sana, sasa zimeshuka, donki, yaani kwa hiyo, ni bahati tusiache ipite. Shida ni asiransi, ile bima. Banki imekatala kumupa mukopo kama hana asiransi ya nyumba. Kampuni ya kwanza ikakatala juu ya paa ya zamani, ya pili inaomba 6,200 kwa mwaka, na kumbe iko ingine tena ya mafuriko, ya pembeni kabisa, 2,900. Hiyo njo inanishangaza, asiransi si asiransi? Mi naomba tu munielezee kama hizi bei ni za kweli ao banamwibia. Tafazali musinitukane, silali vizuri.

Mutoto_wa_Kenya
Kenya ya hapa Lubumbashi, si ya Nairobi, nasema mapema. Dada, shie asiransi tunajua ni ile karatasi unaonyesha polisi wa rulaji ili akuache upite, na hata ukimuonyesha atauliza kizima-moto iko wapi. 9,100 kwa mwaka! Na feza hiyo si ungepandisha nyumba ku Kasapa, na ukuta, na geti, na mbwa?

Jax_Mukongo
Hawamwibii dada. Mimi niko Florida hii hii, Jacksonville, upande wa kaskazini. Bima ya kawaida ya nyumba huku inalipa upepo, moto, wizi, lakini maji yakipanda kutoka nje na kuingia ndani hailipi hata senti. Mafuriko yana bima yake, na wengi wanakata kwenye mpango wa serikali kuu unaoitwa NFIP, ulianza 1968, na hata huo una mwisho, dola 250,000 kwa nyumba na 100,000 kwa vitu vya ndani. Halafu mwambie asome vizuri ile ya upepo, kuna makato ya kimbunga, mara nyingi asilimia 2 ao 5 ao 10, na hiyo asilimia ni ya thamani yote iliyokatiwa bima, siyo ya hasara. Nyumba ikikatiwa 285,000 na makato ni asilimia 5, yaya atatoa dola 14,250 mfukoni mwake ndiyo kampuni ianze kulipa. Wengi wanajua habari hiyo siku paa limeshaondoka. Lake lina miaka mingapi? Na amejaribu Citizens?

Dada_wa_Katuba
Paa miaka 17. Citizens ameniambia, anasema ile ni ya serikali ya jimbo, haiwezi kuanguka, kwa hiyo kama wengine wote wanakatala ataenda kule. Asanti sana Jax, wewe njo umejibu swali.

Mwalimu_Ruashi
Hapo njo siasa inaanza. Ile Citizens haikuundwa juu bantu wa serikali banapenda kuuzisha asiransi. 1992 kimbunga Andrew kilipiga kusini ya Florida, kampuni kadhaa zikafilisika, zingine zikaanza kukimbia kando ya bahari, jimbo likabaki na bantu hawana pa kwenda. Mwaka 2002 wakaunda Citizens kama kimbilio la mwisho. Sasa kimbilio la mwisho kikikuwa cha kwanza ni hatari, mu 2023 ilifika karibu mikataba milioni 1.4, na sheria inaizuia isipandishe bei kwa nguvu kila mwaka, juu wenye nyumba banapiga kura. Na kama kimbunga kikubwa kikamaliza feza yake, sheria inaruhusu ikate nyongeza kwa karibu kila mwenye asiransi mu jimbo, hata mwenye asiransi ya gari tu. Donki muntu anapanga chumba kimoja katikati ya jimbo, bahari haijui, anachangia paa la tajiri anayelala akisikia mawimbi. Na wakubwa beko na uhodari, 2024 gavana DeSantis alitia sinyatire sheria ya kutoa karibu maneno yote ya mabadiliko ya tabianchi mu sheria za nishati za jimbo. Wametoa mu karatasi. Mwambie yaya aangalie kama wametoa pia mu ile 6,200.

Jax_Mukongo
Mwalimu umesema vizuri ila usiruke mawakili. Huku miaka mingi kesi za bima zilikuwa biashara, mtu anagonga mlango anakwambia paa lako limeharibika, tia saini hapa, sisi tutashtaki kampuni. Desemba 2022 bunge la jimbo lilibana hayo mambo, na baada ya hapo kampuni kadhaa mpya zikaingia sokoni. Tabianchi ipo, bei ya mbao na mafundi ipo, na mawakili walikuwepo. Kila chama kinachagua kile kinachokipendeza kulaumu.

Mwalimu_Ruashi
Na wa Washington je? 2012 Congress ilipitisha sheria bei ya asiransi ya mafuriko ifuate hatari yenyewe, bantu wa pwani wakalia, 2014 wabunge wale wale wakarudi nyuma. 2017 wakafuta deni la dola bilioni 16 la ule mpango, na bado ulibaki na mengine zaidi ya bilioni 20. Hiyo haikuwa wakili wa kugonga mlango.

BaKalemie
Muache ba Marekani kwanza nisimulie yetu. Mi ni wa Kalemie, niko Lushi sasa kwa kazi. Ziwa Tanganyika ile miaka ya 2020 kuja 2024 lilipanda mpaka tukazoea kuamka usiku kusikiliza. Nyumba ya baba ilikuwa aveni ya tatu toka majini, kisha ikawa ya pili, kisha ikawa ya kwanza, na hatukuihamisha hata. Maji yalianza kutokea mu choo. Baba hakulia, alisema tupande tufungue mabati haraka, tukatoa mabati, tukatoa madirisha ya chuma, tukatoa fremu za milango, juu ukichelewa ukuta unaangukia ndani na hauokoi kitu. Misumari baba alikuwa ananyoosha na jiwe anaweka mu kopo. Yale mabati tuliuzisha nusu bei, maana kila muntu wa ile aveni alikuwa anauzisha mabati ile wiki. Asiransi? Hakuna hata muntu mumoja aliyetaja neno hilo. Bakubwa walikuja na bamapicha. Kwa hiyo dada, yaya wako akilalamika 9,100 mi minaona angalau iko muntu wa kulalamikia.

Mutoto_wa_Kenya
Pole sana mukubwa. Kwetu Kongo sheria ya 2015 si ilifungua mulango, SONAS, ile asiransi ya serikali, haiko tena peke yake, kampuni zingine ziko tangu 2019. Lakini mi sijaona komisionere hata mumoja wa asiransi ya nyumba akipita Kenya. Pengine wanaogopa mbwa.

Tantini_Bijou
Mutaongea siasa mpaka asubuhi. Mi niko na swali moja. Dada wa Katuba, yaya njo ananunua, yaya njo anakopa, yaya njo atalala mule. Sasa wewe huku, kwa nini huna usingizi?

Dada_wa_Katuba
Tantini ni yaya wangu, shida yake ni yangu.

Tantini_Bijou
Mwanangu, niko na miaka 61. Feza ya kuanzia inatoka wapi?

Dada_wa_Katuba
Inatoka ku familia.

Tantini_Bijou
Familia ni muntu gani.

Dada_wa_Katuba
Sawa. Inatoka ku parseli ya papa, kiwanja chake na nyumba, hapa Katuba. Papa alisha kufa. Tunauzisha, yaya anapata 22,000 za kuongeza ku feza yake, inayobaki tunagawana. Mununuzi iko, amesha toa avansi 5,000. Mbele muanze: hii yaya njo alitusomesha shie wote tangu papa afariki, kila mwezi alituma, hakuna hata mwezi mumoja aliruka, na nyumba yenyewe iko inachoka, ukuta wa nyuma umepasuka, na nyumba ya Marekani ni ya familia yote. Sikuja kuuliza habari ya parseli, nimeuliza habari ya asiransi.

Tantini_Bijou
Na mama iko wapi?

Dada_wa_Katuba
Mama iko mule ndani. Tutamwambia wakati mambo yote yatakuwa sawa, ana presha.

BaKalemie
Eh mama eh.

Tantini_Bijou
Unauzisha nyumba mama amelala ndani. Mi mume wangu alipokufa bashemeji walikuja na mita ya kupima siku ya matanga, biriani haijaisha mu sahani, nikawaambia pimeni hata kaburi basi. Sheria inampa mujane haki ya kubaki mu nyumba aliyoishi na bwana yake. Mununuzi wako atakuja kujua siku atafika na funguo.

Mwalimu_Ruashi
Na bila pe-ve, ile ripoti ya mukutano wa familia, na sinyatire ya kila muriti, hakuna mununuzi wa akili anaweza kutoa avansi. Nani aliandika hiyo karatasi?

Inspekta_Bel_Air
Mi nimesoma toka juu kimya kimya. Hii ni hadisi ya kutunga, jameni. Kwanza akaunti imefunguliwa juzi. Pili, ile asiransi ya mafuriko ya serikali ya Marekani inaanza kufanya kazi nyuma ya siku 30, namna gani banki ingoje? Tatu, banki ya Marekani ipokee dola 22,000 toka Katuba bila kuuliza zimetoka wapi? Yaya, mama mwenye presha, ukuta umepasuka, kila kitu kimepangwa. Kesho ataweka namba ya Airtel Money tumuchangie.

Mutoto_wa_Kenya
Ah nami nilianza kuhisi. Bahari, paa, mujane… inakosa tu mupadri.

Jax_Mukongo
Inspekta, zile siku 30 ni za mtu anayejikatia tu mwenyewe. Ukikata kwa ajili ya mkopo wa kununua nyumba, inaanza siku ile ile ya kumalizia mkopo. Ila kwa hilo la tatu uko sawa kabisa, banki itataka kujua. Ndugu akikusaidia feza ya kuanzia, huku wanadai barua.

Dada_wa_Katuba
Sikuja kuomba hata franka moja ya muntu. Na hiyo barua iko. Nimesha tia sinyatire, mi na mudogo wetu wa Likasi, yaya alituma kwa WhatsApp tukatia, tukapiga picha, tukarudisha.

Jax_Mukongo
Imeandikwa nini?

Dada_wa_Katuba
Kwamba ile feza ni zawadi, hatutadai irudishwe. Ni formalite ya banki tu. Kati yetu tunajua nyumba ni ya wote, hata chumba kimoja cha chini ni cha mama akija.

Inspekta_Bel_Air
Sasa naamini. Muntu anayetunga hadisi hawezi kujiharibia namna hii.

Jax_Mukongo
Dada nisikilize, hili ndilo ungeanza nalo. Kwa banki hiyo barua siyo formalite. Mmeandika kwamba hamna sehemu na hamna deni. Kama moyoni ni mkopo ao ni ubia, basi yaya wako amewaambia banki uongo, na huku kudanganya banki kwenye mkopo wa nyumba ni kosa la jinai. Kama ni kweli zawadi, basi nyumba ni yake peke yake, na ikichukuliwa na maji, bima inamlipa yeye na banki yake, siyo Katuba. Chumba cha mama hakipo kwenye karatasi yoyote. Na chumba cha chini Fort Myers! Ian ndiyo hapo ilipoingia.

Dada_wa_Katuba
Yaya hawezi kutufanyia vile.

Mwalimu_Ruashi
Hatusemi yaya ni mubaya. Akikosa kazi miezi mitatu? Asiransi ikapanda tena? Akiacha kuilipa, banki yenyewe inakata asiransi kwa jina lake, ya bei kali, inamuongezea mu malipo ya mwezi.

Jax_Mukongo
Nitajibu na lile swali lake maana aliuliza kwa adabu. Yaya aulize muuzaji mambo mawili. La kwanza, nyumba imewahi kulipwa madai ya mafuriko? Tangu Oktoba 2024 sheria ya Florida inamlazimisha muuzaji aseme kwa maandishi mbele ya kutia saini mkataba. La pili, kama muuzaji ana bima ya NFIP, aombe ahamishiwe hiyo hiyo. Tangu 2021 bei inahesabiwa kwa hatari ya kila nyumba, mwenye bima ya zamani anapandishiwa pole pole, kwa nyumba ya kuishi isipite asilimia 18 kwa mwaka, ila anayekata mpya analipa bei kamili tangu siku ya kwanza. Ikihamishwa, anarithi ile pole pole.

Dada_wa_Katuba
Nimemutumia yote mawili. Amejibu sasa hivi. Karatasi ya muuzaji alikuwa nayo tangu wiki iliyopita: Ian ilileta maji mpaka ku madirisha, asiransi ya mafuriko ikalipwa, na kisha muuzaji hakuendelea nayo, donki hakuna ya kuhamisha. Anasema ndiyo maana bei ni nzuri. Anasema pia kama tunaogopa ataangalia nyumba ya mbali na bahari, Lehigh Acres, lakini 22,000 bado anaitaka mbele ya mwisho wa mwezi.

Tantini_Bijou
Alikuwa nayo tangu wiki iliyopita.

Dada_wa_Katuba
Pengine alisahau kunionyesha, anafanya kazi ya usiku.

Tantini_Bijou
Rudisha avansi ya watu.

Dada_wa_Katuba
Tantini ile avansi haiko yote. Zingine zimeenda ku minervali, feza ya masomo ya batoto.

Komisionere_Kampemba
Jambo yenu. Iyo parseli ya Katuba ni mita ngapi kwa ngapi? Niko na kliya anaweza kurudishia yule wa kwanza avansi yake, kisha munaanza upya na karatasi zote, na mama akiwa mezani.

Tantini_Bijou
Wewe nawe!

Dada_wa_Katuba
15 kwa 25. Lakini kaka usipite nyumbani, nitumie mesaji pembeni.