Tangi la chuma la msikiti: nitajuaje uzito wake kabla ya kulipakia jahazini?

Assalaam alaikum ndugu zangu. Tumechanga tukanunua tangi kuukuu la maji hapa Unguja, lende msikitini kwetu Wete. Ni la duara, limesimama, juu na chini bapa. Nimelizungushia kamba nikaipima, mita 4.71. Urefu mita 2. Nahodha wa jahazi pale Malindi anasema hapakii kitu kinachozidi nusu tani, maana Wete litashushwa kwa mikono na magogo ya mnazi. Muuzaji anadai halipungui tani moja. Mizani ya kulipimia sina. Nifanyeje?

Fundi Chuma, Chake
Waalaikum salaam. Mzunguko ukiugawa kwa 3.14 unapata kipenyo cha mita 1.5. Ubavu ni 4.71 mara 2, yaani mita za mraba 9.42. Kitako ni 1.77, na juu vivyo hivyo. Jumla karibu 13.

Sasa shika hili: bamba la chuma la mita moja ya mraba, unene milimita moja, lina kilo 7.85. Likiwa la milimita 4, tangi ni kilo 408. Likiwa la 6, linafika 612. Kila kitu kimo kwenye unene, kaupime. Usipime kwenye shingo ya mdomo, pale huongezwa pete. Kwangua rangi na kutu kwanza.

Bi Mwalimu
Na mwanangu, uliza lilikuwa na nini kabla ya maji. Kama liliwahi kutiwa dizeli, fundi asilikaribie na moto, mvuke uliobaki ndani hulipuka.

Mwenye uzi
Nimeingiza kichwa nikanusa, harufu ni ya kutu tu. Nimepima kwenye tundu la bomba ubavuni, milimita 4, na juu pia 4. Bamba la kitako limetokeza kidogo nje ya ubavu, ukingo wake ni 6.

Fundi Chuma, Chake
Basi ubavu na juu ni kilo 351, kitako 83. Jumla 434. Ngazi, mabomba na pete za kunyanyulia zitie kilo 50 hivi. Umefika 484, na tope lililokauka ndani sijalihesabu. Fungua ngazi na mfuniko, lisuguliwe ndani, upakie hivyo vitu mbali.

Mkaa Mkoani
Mnara wa kuliweka tangi juu mshaujenga? Likijaa ni lita 3,500 na ushei, tani tatu na nusu za maji. Na chuma chake, tani nne. Nguzo nne, kila moja inabeba tani nzima. Likiwa tupu nalo lifungwe kwa bolti, kusi ikivuma kwa nguvu italiangusha.

Mwenye uzi
Nguzo tulizosimamisha ni za mbao. Nimempigia imamu simu sasa hivi, tangi litakaa chini juu ya zege mpaka tuchange za chuma. Nahodha kakubali kulipakia bila ngazi, halitazidi kilo 484. Ahsanteni sana.