Naomba ushauri: daftari la marehemu mama, nesi wa wakati wa vita

Shikamooni wakubwa zangu, na wadogo habari zenu. Mama yetu ametutoka akiwa na miaka 91. Tumemzika hapa Mtwara na arobaini inakaribia.

Vita vya ukombozi wa Msumbiji vilipoanza Septemba 1964, majeruhi walivushwa mto Ruvuma wakaletwa upande wetu, na baadaye FRELIMO, chama cha wapigania uhuru wa Msumbiji, ikawa na hospitali yake hapa hapa mjini. Mama aliwauguza hadi Msumbiji ilipopata uhuru, Juni 1975. Watatu kati yetu tulizaliwa katikati ya hayo. Namkumbuka akitoka zamu ya usiku, ananukia dawa ya vidonda, anatubandikia uji kabla hajavua viatu.

Sasa sandukuni, chini ya kanga zake, tumekuta daftari. Ameandika majina ya waliofia mikononi mwake, vijiji vyao, na wengine maneno waliyomwachia, mengi kwa Kimakonde. Kaka anataka yasomwe siku ya arobaini. Mimi moyo unasita: siri ya mgonjwa ni amana, na mama hakuwahi kututajia hata jina moja. Lakini huko Mueda, kaskazini mwa Msumbiji, huenda wapo wasiojua mpaka leo ndugu yao alikufa vipi.

Manesi wastaafu, na wenye jamaa ng'ambo ya mto, tufanyeje? Tuyasome, au tuwatafute ndugu zao kimyakimya? Tuanzie kwa nani? Karatasi zimeshaanza kumeguka.