Umaskini ni uzembe wa mtu au mfumo?

Wadau wa Arusha, jana kijiweni tumebishana mpaka chai ikapoa, jamaa anasema wasomi wanaolia mfumo mfumo ni walalamishi tu, kila mtu apambane na hali yake. Mnaonaje?

— Thatcher, yule waziri mkuu wa Uingereza, alishasema 1987 hakuna kitu kinaitwa jamii. Namuunga mkono, mi nilianza na beseni la nyanya.

— Beseni sawa mkuu, ila bei ya nyanya unapanga wewe? Wazee wetu huku Moshi walikuwa na kahawa safi kabisa ila mmoja mmoja mbele ya mnunuzi hawakuwa kitu, ndo wakawa na KNCU, chama chao cha ushirika wa kahawa, 1933.

— Azimio la Arusha la 1967 limepiga unyonyaji na hapohapo likadai juhudi na maarifa, watu wanasoma nusu wanayoipenda.

— Jamaa mwenyewe chai alilipiwa 😂