Tupeane uzoefu: umerekebisha nini mwenyewe kwa nyumba ya kupanga bila kuita fundi?

Mpangaji wa Zimma
Wapangaji wenzangu habari za jioni. Nimekaa nyumba za kupanga hapa Nairobi miaka tisa sasa, nilianza na singo rum Githurai, nikaenda bedsita Roysambu, sai niko Zimmerman, na kitu nimeona ni kwamba rent unaijua, unaipangia, lakini kuna vile vitu vidogo vidogo vinakumaliza polepole, mlango umelegea, sinki imeziba, bomba inatona usiku kucha, ukiambia keateka anakujibu "nimemwambia landlodi" na wiki mbili zinaisha hivyo. Fundi naye kabla ashike spana anataka mia tano. Sasa naomba tupeane uzoefu, ulirekebisha nini kwa vitu ulivyokuwa navyo nyumbani ikakubali. Hata ikiwa ilikataa sema, juu kuna mwingine anataka kujaribu hivyo hivyo. Ombi langu moja tu, tuongee sana vitu ambavyo siku ya kuhama haviachi alama. Nikitoka Roysambu nilikatwa elfu mbili mia tatu kwa dipoziti ya matundu ya misumari, na matano kati ya hayo matundu niliyakuta.

Naanza mimi. Mlango wa kabati ya jikoni ulikuwa unaning'inia, skurubu ya bawaba ya juu inazunguka tu haishiki, unakaza leo kesho imetoka. Hizi kabati za siku hizi ni vumbi la mbao limegandishwa na gundi, skurubu ikicheza inasaga tundu linapanuka. Nilichukua njiti tatu za kiberiti, nikakata vichwa, nikazipaka gundi nyeupe ya mbao nikazishindilia kwa tundu mpaka likajaa, zilizobaki nje nikavunja, nikaacha ilale. Asubuhi nikarudisha skurubu ile ile. Huu ni mwaka wa pili na haijatingishika. Shida ni watu hawangoji gundi ikauke.

Baba Mapacha, Pipeline
Asante sana dada kwa kufungua hii. Yangu ni bomba ya jikoni. Ilikuwa inatona, nikiacha sufuria chini usiku asubuhi nakuta imejaa, na kwa ploti yetu kila nyumba ina mita yake ya maji kwa hivyo hiyo ni pesa yangu ilikuwa inaenda. Wengi wetu tunakaza bomba kwa nguvu tukidhani itanyamaza na hapo ndio tunaimaliza kabisa, juu anayezuia maji ni kile kiraba kidogo cha ndani kinapogandamizwa kwa mdomo wa shaba, kikishalika hata ukaze na mikono miwili maji yatapita.

Nilifunga maji kwa ile valvu ya karibu na mita, nikafungua bomba kwanza nione kama kuna kitu inatoka. Hapo msiruke, jirani yetu wa orofa ya tatu alifungua kichwa cha bomba bila kufunga valvu na maji yakafika kwa godoro la watoto. Nikafungua kichwa na spana, nikatoa kile kiraba cha zamani, nikakilaza juu ya akala yangu iliyokatika kamba nikachora na kalamu nikakata na wembe. Akala si ni tairi ya gari, hiyo raba ni ngumu. Ilinisukuma wiki tatu mpaka mwisho wa mwezi, alafu nikanunua kiraba chenyewe hadwea shilingi ishirini. Ya akala ni ya kushikilia tu, usiitegemee, juu huwezi kuikata ikawa duara sawasawa. Na ukienda hadwea beba cha zamani wakupimie nacho, cha bomba ya nusu inchi hakiingiliani na cha robo tatu.

Msoo wa Kayole
Bawaba zinazolia usitie mafuta ya kupika. Nilitia, zikanyamaza siku nne, alafu mafuta yakashika vumbi yakawa kama lami na mlango ukalia kuliko mbeleni. Nilifuta yote na kitambaa chenye mafuta taa kidogo, nikatoa pini nikaisugua na mshumaa nikarudisha. Kimya mpaka leo. Kufuli ikikataa ufunguo, saga risasi ya penseli upake ule unga mweusi kwa meno ya ufunguo, ingiza toa mara kadhaa.

Mama Utawala
Huku kwetu maji ni ya kisima, ya chumvi, ukichemsha chai mara mbili sufuria inaota utando mweupe. Insta shawa yangu, ile ya kupasha maji ya kuoga na stima, ilifika mahali inatoa nyuzi tatu za maji zikiwa moto wa kuchoma na zingine zote hakuna. Keateka akaniambia hiyo imekufa nunua ingine. Nikasema wacha nijaribu kwanza. Nilizima ile swichi kubwa ya nje ya bafu, nikazima na breka ya kwa boksi juu hapo siamini swichi moja, nikafungua kile kisahani cha matundu kwa mkono, kinazunguka kama kifuniko tu. Ndani kulikuwa na chokaa nyeupe imejaa. Nikakiloweka kwa beseni usiku mzima na siki na maji ya uvuguvugu, nusu kwa nusu, asubuhi nikakisugua na mswaki mkuukuu na kila tundu nikapitisha pini ya nguo. Maji yakarudi kama siku ya kwanza. Sasa nafanya hivyo kila baada ya miezi miwili, na nikishafunga napitisha maji baridi kwanza kabla ya kuwasha stima, ndio ile waya ya kupasha isiwake ikiwa kavu. Kama hauna siki hata ndimu inafanya kazi, ila inataka nyingi.

Kitu kimoja tafadhali sana. Siki usiichanganye na blichi. Dada yangu mdogo alikuwa anatoa ukungu bafuni, akamwaga blichi, akaona haitoki haraka akaongeza dawa ya choo ile yenye asidi juu yake, bafu lenyewe ni lile la kidirisha kidogo. Alitoka akikohoa machozi yanamtoka na kifua kilimuuma siku mbili. Hiyo hewa inayotoka ni klorini, ni sumu. Tumia moja, suuza kabisa na maji mengi, fungua dirisha, na nyingine ingoje siku nyingine.

Fundi Stima, Kariobangi
Nimesoma nimefurahi lakini wacha niseme upande wangu juu kazi yangu ni kurudi nyuma ya hizi marekebisho za nyumbani. Ya maji na mbao jaribuni. Ya stima wacheni.

Vitu viwili nakutana navyo kila wiki. Cha kwanza ni fyuzi ya plagi. Plagi zetu za miguu mitatu zina fyuzi ndani, ya pasi au birika huwa 13A, ikiungua mtu anachukua karatasi ya fedha ya sigara anaizungushia alafu anarudisha, na kweli pasi inawaka. Lakini fyuzi iliungua kwa sababu, sasa umeitoa ile kitu iliwekwa iungue badala ya waya, kwa hivyo kitakachoungua ni waya wenyewe wa pasi ama birika, pengine ukiwa juu ya zulia. Cha pili ni kalamu. Lile tundu la juu la soketi ukilisukuma linafungua vifuniko vya yale mawili ya chini, ndio watu wanaingiza kalamu ama kijiti wapate kuchomeka plagi ya miguu miwili. Mguu wa duara haushiki vizuri kwa tundu la mraba, unacheza, unatoa cheche, na soketi inaanza kuwa kahawia pembeni. Ukiona soketi yako ina hiyo rangi ama inanuka plastiki, zima breka, usiiguse, na umwandikie keateka ujumbe siku hiyo hiyo. Hiyo ni kazi ya mwenye nyumba.

Mpangaji wa Zimma
Ndugu fundi nakushukuru, na nakiri kalamu iko kwangu sai nikiandika hii. Chaja ya redio ya mamangu ndio ina miguu miwili ya duara. Nifanyeje?

Fundi Stima, Kariobangi
Toa hiyo kalamu leo dada. Nunua adapta ya miguu mitatu, hata mjini Luthuli ziko kila duka, chagua yenye fyuzi. Ni pesa kidogo sana ukilinganisha na hiyo soketi.
Na kwa wenye mitungi ya gesi, ukibadilisha mtungi pakaza povu la sabuni ya vyombo pale regyuleta inakaa na kwa mpira wote, povu likifura mahali hapo ndio inavuja. Kiberiti kamwe.

Kijana wa Kawangware
Sinki. Niliona video mtu anamwaga maji yanatokota nikamwaga birika mbili mfululizo. Paipu za chini ni plastiki, zikalainika kwa kiungo, kesho yake ikaanza kuvuja kwa kabati na hiyo nililipia mimi. Maji ya moto ya kuvumilika na sabuni ndio sawa kwa mafuta yaliyoganda. Kama imeziba kabisa, chini ya sinki kuna kile kikombe, weka ndoo chini yake, kizungushe kwa mkono ukikishika na soksi kuukuu isiteleze. Changu kilikuwa na majani ya chai, wali na kijiko cha mtoto. Dakika kumi. Hakikisha ile raba ya duara imerudi mahali pake kabla ya kukaza.

Mwalimu, South B
Kuhusu misumari na dipoziti. Madirisha yetu karibu yote yana grili za chuma ndani, mimi waya ya pazia nimeifunga kwa grili kwa kamba za nailoni pande mbili, pazia zito linakaa na sijagusa ukuta. Kuta za mawe ukipiga msumari wa kawaida unapinda na unabomoa plasta kubwa kuliko tundu lenyewe.

Kwa matundu yaliyopo, dawa ya meno nyeupe inaziba yale madogo ya pini, lakini la msumari mkubwa dawa inanywea ikikauka na kubaki shimo, afadhali ununue filla kidogo hadwea, upake na kadi ya simu ya zamani, ikauke, usugue na msasa. Sabuni ya kipande usitumie hata kama bibi yako alitumia, rangi haishiki juu yake na mwenye nyumba ataona.

Siku ya kuingia piga picha kila ukuta, kila bomba, kila tundu, umtumie keateka kwa simu siku hiyo hiyo, hiyo tarehe inakaa. Ukirekebisha kitu cha nyumba weka risiti. Mwenzangu wa kazini alinyimwa dipoziti yote, akaenda mahakama ya madai madogo pale Milimani, hiyo ilianza kazi 2021, inasikiza madai yasiyozidi milioni moja na unaweza kujisimamia bila wakili. Picha ndizo zilimsaidia.

Mzee wa Umoja
Watoto wangu mmesema vizuri. Mimi nawaambia ya choo. Maji yakija kwetu siku mbili kwa wiki, tangi ya flashi inayovuja kimya kimya inakumalizia akiba bila kujua. Weka matone ya rangi ya keki ndani ya tangi jioni, usiflashi, ukae nusu saa. Ukiona rangi kwa bakuli la choo, raba ya chini imechoka ama imeshika uchafu. Yangu ilikuwa uchafu tu, nilifunga maji, nikaifuta pande zote na kitambaa, ikawa imeisha. Baadaye nikatia chupa ya nusu lita iliyojaa maji ndani ya tangi, mbali na kile kinachopanda na kushuka, kila flashi inatumia nusu lita pungufu na choo kinasafika vilevile. Siku ya kuhama unatoa chupa yako unaenda nayo.

Mpangaji wa Zimma
Mzee wangu shikamoo. Nimejaribu ya rangi usiku huu, rangi ya keki ilikuwepo ya kijani ya birthday ya mtoto. Dakika kumi na tano tu bakuli limekuwa kijani. Nimefunga maji nimefuta ile raba, ina ufa mmoja kando, kesho naibeba hadwea wanipimie. Kalamu pia nimetoa, redio ya mama itangoja adapta. Wengine endeleeni, haswa mwenye ametoa ukungu kwa kona ya bedrum ukakaa bila kurudi.