Gitaa la besi la kwanza: Yamaha TRBX174, Ibanez GSR200, Squier Bronco au mtumba wa nyuzi tano?

Mwanakwaya_Dom

Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri kabla sijatoa hela.

Naimba sauti ya nne kwenye kwaya ya usharika wetu hapa Dodoma. Miaka yote besi ya kwaya ilikuwa mkono wa kushoto wa mpiga kinanda. Mwaka huu kahamishwa kikazi. Kijana aliyempokea anajitahidi sana kwa mkono wa kulia, ila chini hakuna kitu na nyimbo zinaelea. Mwalimu wa kwaya akaniambia kwa kuwa naimba besi, basi nijifunze na kuipiga. Nimeshika besi ya kuazima miezi minne sasa, mwenyewe anaitaka mwisho wa mwezi.

Nina milioni moja na laki mbili, na humo humo lazima itoke na spika. Nimefika hapa:

Yamaha TRBX174, mpya, haina betri. Ibanez GSR200, mpya, ina kifundo cha kuongeza uzito wa sauti kinachotumia betri ya volti 9. Squier Bronco, ile fupi ya inchi 30 (urefu wa uzi unaopigwa), nimeambiwa inanifaa kwa sababu vidole vyangu ni vifupi. Ya nne ni mtumba wa nyuzi tano, jina la kichwani limefutika, muuzaji anataka laki tatu na nusu tu na anasema ni ya Japani.

Waliozipiga naomba mniambie ukweli.

Besi_Nzito

Karibu kazini, mdogo wangu. Nimepiga dansi hapa Dar zaidi ya miaka ishirini, na ningekuwa wewe ningechukua Yamaha, hasa kwa kuwa haina betri.

Mwaka juzi tulikuwa harusini. Saa kumi tulijaribu vyombo, nikaacha waya umechomekwa kwenye gitaa tukaenda kula. Gitaa la betri ukiacha jeki ndani, linaendelea kula betri hata kama hulipigi. Saa nne usiku, bwana na bibi harusi wako katikati, wazee wameshainuka, tunaingia sebene, besi ikaanza kukoroma kama redio iliyopoteza stesheni kisha ikanyamaza. Mpiga tumba aliniangalia kwa macho ambayo sijayasahau. Tangu siku hiyo betri ya akiba inakaa kwenye mfuko wa koti, na jeki naichomoa hata nikienda kunywa maji.

Sisemi Ibanez ni mbaya, ni gitaa zuri na wengi wameanza nalo. Nasema kwako wewe, unayepiga Jumapili moja kwa wiki na duka la betri liko mbali na kanisa, punguza kitu kimoja cha kukuangusha. TRBX174 ina pikapu mbili (sumaku za kunasa sauti ya nyuzi), ile ya kati iliyogawanyika na nyingine karibu na daraja, pale nyuzi zinapofungwa mwilini. Kwa kwaya fungulia ya kati yote, ya nyuma weka robo tu. Utapata sauti ya mviringo inayobeba waimbaji bila kuwafunika.

Dada_wa_Chini

Kaka Mwanakwaya, mimi ni mwanamke mfupi, mikono yangu midogo kuliko yako kwa hakika, na napiga GSR200 kwenye kwaya yetu Arusha mwaka wa tatu huu. Shingo yake ni nyembamba, unaizungusha kiganja bila shida. Hilo la betri alilosema kaka Besi_Nzito ni kweli, ila mimi nabadilisha kila Pasaka na kila Krismasi na haijawahi kunitupa.

Kuhusu Bronco, nilipima mwenyewe dukani. Kwenye besi ya kawaida ya inchi 34, kutoka mwanzo wa shingo hadi freti ya kwanza (vile vyuma vilivyokatiza shingo) ni kama milimita 48. Kwenye ya inchi 30 ni kama 43. Milimita tano unazisikia kwenye freti tatu za mwanzo tu, ukipanda juu tofauti inapungua. Na mtu akikupa hiyo fupi, uliza kwanza nyuzi zake utazipata wapi, maana seti nyingi madukani kwetu ni za ndefu.

Kilichonisaidia mimi ni kuacha kutanua vidole vinne kwa lazima. Huku chini tumia cha kwanza, cha kati, na kidogo kikisaidiwa na cha pete, viwili vishuke pamoja. Dole gumba likae nyuma ya shingo, usawa wa kidole cha kati, lisichungulie juu. Wiki mbili kiganja kitauma. Ya tatu utaona.

Kinanda_Mwz

Naomba kuuliza kabla hajaukataa huo mtumba. Kwaya zetu nyimbo nyingi ziko ki (ufunguo) ya D, nyingine C. Nyuzi nne zinaishia E. Mimi kwenye kinanda nashuka ninapotaka. Yeye D ya chini ataitoa wapi? Si bora hiyo ya nyuzi tano?

Besi_Nzito

Swali zuri. Kuna njia mbili. Ya kwanza, D iliyo wazi kwenye uzi wa tatu ukihesabu kutoka ule mnene, au D hiyo hiyo freti ya tano ya uzi wa A. Inatosha kwa nyimbo nyingi, na kwenye spika za kanisani inasikika kuliko ile ya chini kabisa. Ya pili, legeza uzi mnene kutoka E hadi D kabla ya wimbo, ukikumbuka kwamba noti zote za uzi huo zimesogea freti mbili.

Nyuzi tano ni nzuri, mwenyewe ninayo. Lakini ule uzi mnene wa ziada, wa B, unatoa kama mitetemo 31 kwa sekunde, na kwenye gitaa la bei ya chini mara nyingi unakuwa mlegevu, unapiga hujui ni B au ni mngurumo wa lori linapita. Na anayeanza anakuwa na uzi mmoja zaidi wa kuunyamazisha kila anapopiga mwingine.

Fundi_Nyuzi

Salamu kutoka Mombasa. Natengeneza magitaa, kwa hivyo mie sitashindana na majina. Nitasema unavyopima, kwa sababu TRBX mbili zilizotoka kiwanda kimoja zaweza kukujia moja tamu na nyingine yahitaji kazi.

Kaa chini, liweke gitaa pajani kama unalipiga. Bonyeza uzi mnene kwa mkono wa kushoto freti ya kwanza, na kwa mkono wa kulia freti ya mwisho. Sasa huo uzi umekuwa rula. Tazama katikati, freti ya saba au ya nane. Pawe na nafasi ndogo kati ya uzi na freti, unene wa kadi ya mwaliko wa harusi. Uzi ukilala kabisa juu ya freti, shingo imenyooka mno au imepinda nyuma. Ikipita kadi tatu, shingo imevutwa mbele. Yote mawili yarekebishika kwa chuma kilichomo ndani ya shingo, mradi chuma chenyewe kizima. Mwambie muuzaji akizungushe kidogo mbele yako. Akikataa, au kikiwa kimekaza hakiendi popote, hilo gitaa liache hata wakikupa kwa laki moja. Shingo ikifa, besi imekufa.

Halafu freti ya 12. Gusa uzi juu ya freti hiyo bila kuubonyeza, piga, usikie ile sauti ya kengele. Kisha bonyeza hapo hapo, piga tena. Ziwe sawa. Ikiwa ya kubonyeza iko juu, kile kikalio cha uzi kwenye daraja chafaa kurudishwa nyuma. Hiyo ni kazi ya bisibisi, isikutie hofu. Lakini ukiona vikalio vimeshafika mwisho wa njia na bado sauti haikai, basi hapo tatizo ni kubwa.

Mwisho pitisha kidole pembeni mwa shingo kuanzia juu hadi chini. Ncha za freti zikikukwaruza, mbao imekauka ikasinyaa.

Huo mtumba wa laki tatu na nusu mimi sijauona. Ukipita majaribio haya matatu, waweza kuwa bora kuliko gitaa jipya. Jina kufutika hakunipi wasiwasi, shingo ndiyo itakayonipa.

Kaka_Hamburg

Niko Ujerumani. Huku wanaoanza wengi wanachukua Harley Benton, ni chapa ya duka la Thomann lenyewe, bei yake iko chini ya hizo zote. Nimemletea mdogo wangu moja Tanga, imefika salama. Ukipata mtu wa kukubebea, alegeze nyuzi kidogo na aweke nguo chini ya kichwa cha gitaa, hapo ndipo panapovunjika. Ubaya ni kwamba hulijaribu kabla, na likija na kasoro hakuna wa kulirudisha.

Mikisa_Mzee

Mnaongea gitaa tu. Huyu ndugu kasema na spika iko ndani ya hiyo milioni na laki mbili.

Uzi wa E ukiwa wazi ni mitetemo 41 kwa sekunde. Amplifaya ndogo ya gitaa la solo haikutengenezwa kwa hilo, koni inasukumwa kupita kiasi mpaka inachanika. Sabufa ya nyumbani hivyo hivyo, imezoea muziki uliokwisha kubanwa studio. Besi ya moja kwa moja kidole kikikosea kinaipiga kama ngumi. Nimezibadilisha koni nyingi za wanakwaya.

Kanisani kwenu kama kuna mikisa (mashine ya kuchanganya sauti) na spika kubwa, usinunue amplifaya kubwa. Nunua kiboksi cha DI, kinachoiandaa sauti ya besi kwa ajili ya mikisa, chomeka besi pale, toka na waya wa maiki hadi kwenye mikisa. Ukichomeka besi isiyo na betri moja kwa moja kwenye tundu la laini, sauti inakuja imefunikwa blanketi, na watu wanalaumu gitaa. Kwa mazoezi ya nyumbani inatosha amplifaya ndogo ya besi, wati 15 au 20, yenye tundu la hedifoni. Majirani watakushukuru.

Huku mbele, kwenye mikisa, punguza besi ya kinanda. Mwambie mpiga kinanda mkono wa kushoto upumzike. Mkipiga chini wote wawili, hata mkiwa sawasawa, kanisa linajaa mngurumo na maneno ya wimbo hayasikiki.

Mwanakwaya_Dom

Ndugu zangu, nimesoma kila neno, mengine nimeyaandika daftarini.

Jumamosi nimeshuka Dar. Mtumba nimeupima kama Fundi alivyosema. Uzi umelala juu ya freti zote, na nilipomwomba muuzaji azungushe kile chuma alisema "hakiguswi, kitaharibika". Nikamshukuru nikaondoka. GSR200 nimeipiga, Dada_wa_Chini una haki, shingo yake inakaa mkononi kabisa, nusura niichukue. Bronco haikuwepo.

Nimechukua TRBX174. Nilipiga pambio letu la kuingilia pale dukani bila kuchomeka waya, sikio nimeliegemeza kwenye pembe ya juu ya mwili wa gitaa, na mbao yote ilikuwa inatetemeka hadi taya langu. Hapo nikaacha kulinganisha. Kwa hela iliyobaki nimepata kiboksi cha DI, waya mbili, mkanda, na amplifaya ndogo ya besi ya mtumba. Mfukoni imebaki nauli na elfu kumi na tano.

Dada_wa_Chini

Hongera sana kaka! Jumapili piga noti ya kwanza ya kila kodi (noti zinazopigwa pamoja) tu, moja kwa kila pigo la kwanza na la tatu. Usiongeze kitu. Sauti ya pili na ya tatu watasimama wenyewe.

Mwanakwaya_Dom

Nimerudi, ni wiki ya tatu. Jumapili mbili nimepiga. Ya kwanza mikono ilitetemeka, nikafuata ushauri wa Dada, noti moja moja. Kwenye ubeti wa pili mama mmoja wa sauti ya kwanza aligeuka nyuma kutafuta sauti inatoka wapi. Baada ya ibada mwalimu hakusema kitu, alinishika bega tu.

Sasa kuna jambo. Lilipotoka dukani lilikuwa safi. Wiki hii uzi wa E unavuma freti ya kwanza hadi ya nne, kama nzi ndani ya chupa. Huku juu freti ya saba kwenda mbele hakuna tatizo. Na pembeni mwa shingo nahisi ncha za freti zinakwaruza kidogo, mwanzo hazikuwa hivyo. Fundi, nimepata gitaa bovu?

Fundi_Nyuzi

La, ndugu yangu, si bovu. Umelitoa pwani kwenye unyevu ukalipeleka Dodoma, na mbao imekauka. Ikikauka shingo hunyooka, ndiyo maana uzi wagonga freti za mwanzo, na ndiyo maana ncha za freti zimetokeza. Lifanye hivi. Ile spana ndogo ya pembe sita iliyokuja na gitaa, itie kwenye tundu la chuma cha shingo. Legeza, yaani zungusha kinyume cha saa, robo mzunguko, usizidishe. Tyuni upya. Lilaze ndani ya mfuko wake usiku kucha, mbali na dirisha. Kesho asubuhi bonyeza freti ya kwanza na ya mwisho, uitafute ile kadi ya harusi, kisha uniandikie hapa umeona nini.

Mwanakwaya_Dom

Nimelegeza robo. Nimetyuni, nimelilaza. Kadi ninayo, ya binamu yangu. Kesho saa kumi na mbili kabla ya kazi nitapima.