Kampuni za adapta za Wi-Fi, msiandike "Linux" kwenye boksi kama draiva hamna

Wakuu, nimevumilia vya kutosha, leo naongea.

Nahudumia maabara ya kompyuta ya shule moja hapa Dar. Mashine ni za mezani, za zamani, hazina Wi-Fi, na Windows 11 inazikataa, kwa hiyo zote zina Ubuntu 24.04, toleo mojawapo la Linux, na zinafanya kazi vizuri tu. Tukanunua adapta za Wi-Fi za USB Kariakoo. Chapa moja, modeli moja, bei moja, na kila boksi limeandikwa wazi: Windows, Mac, Linux. Hela yenyewe ni michango ya wazazi.

Adapta ya kwanza niliyochomeka ikawaka, mitandao ikajiorodhesha, kazi ikaisha. Ya pili, kimya. `lsusb`, amri inayoorodhesha vifaa vya USB na namba zao za utambulisho, inaiona, lakini inajitambulisha kama CD! Ndani ya kidude kile wameweka diski ya kubuni yenye draiva (programu inayoiwezesha kompyuta kutumia kifaa) ya Windows, na usipoitoa kwa `eject`, au usipokuwa na programu ya usb_modeswitch inayoijua namba yake, haigeuki kuwa adapta ya Wi-Fi. Nikaitoa. `lsusb` ikaleta namba nyingine kabisa, si ile ya adapta ya kwanza. Maana yake chipu ni nyingine. Nageuza maboksi huku na huku, tofauti pekee ni "V2" iliyochapwa kwa maandishi madogo chini ya msimbo wa mistari. Mnunuzi gani anatarajiwa kuliona hilo dukani?

Nikaingia kwenye tovuti yao kutafuta hiyo draiva ya Linux. Ipo, faili la zip, na maelezo yanasema kerneli (kiini cha Linux) 2.6 hadi 4.4. Kerneli 4.4 ilitoka Januari 2016! Ubuntu 24.04 imekuja na 6.8. Nikajaribu hivyo hivyo, amri ya kuijenga, `make`, ikamwaga makosa skrini nzima, funksheni hii haipo tena, ile imebadilishwa. Na hili si kosa la Linux. Kerneli haijawahi kuahidi kwamba sehemu zake za ndani zitabaki vile vile, na kila mwandishi wa draiva analijua. Ndiyo maana draiva inatakiwa iingizwe ndani ya kerneli yenyewe, ili anayebadilisha kitu huko ndani airekebishe na draiva hapo hapo. Kutupa zip kwenye tovuti na kuitelekeza miaka yote hii ni kuwadanganya wateja.

Tena ili ujenge draiva unahitaji vifurushi vya linux-headers, gcc na dkms (hii ya mwisho huijenga draiva upya kerneli inaposasishwa), vyote viko mtandaoni, na mtandao wenyewe ndio unautafuta. Nikachomeka simu kwa waya, bando langu likaliwa. Nikapata msimbo uliorekebishwa na watu wa kujitolea, ukajengeka. `modprobe`, amri ya kuipakia, ikagoma, ufunguo haukubaliki, kwa sababu Secure Boot, ulinzi wa wakati wa kuwasha mashine, imewashwa na modyuli (draiva iliyojengwa) haina saini inayotambulika. Haya, `mokutil` ya kusajili ufunguo, zima, washa, skrini ya bluu, nenosiri, mashine moja baada ya nyingine.

Ikawaka, lakini inakatika. Nikasema nipime kwa haki nisije nikamsingizia mtu. Adapta zote mbili kwa zamu, soketi ile ile ya USB, meza ile ile, ruta ile ile. `iw dev` na `link` inaonyesha nguvu ya mawimbi karibu sawa, kwenye -55 dBm, kwa hiyo si suala la ukuta wala umbali. Nikai-ping (kupima muda wa jibu) ruta yenyewe, si tovuti ya nje, ili kampuni ya intaneti isiingizwe kwenye lawama. Ya kwanza inajibu ndani ya milisekunde chache, mfululizo. Ya pili inajibu, inanyamaza, kisha majibu yanakuja kwa mkupuo, mengine yamechelewa zaidi ya sekunde nzima. Nikazima kuokoa umeme kwa `set power_save off`, ikapata nafuu kidogo tu. Kwenye kumbukumbu za kerneli, `dmesg -w`, kila inaponyamaza unaiona imeachana na ruta na inaanza kuunganisha upya. Huwezi kuniambia kifaa hiki kiliwahi kujaribiwa kwenye Linux na mtu yeyote wa hiyo kampuni.

Yote tisa, kumi ni kwamba kerneli ikasasishwa, DKMS ikashindwa kuijenga draiva upya, na asubuhi wanafunzi wamekaa mbele ya mashine zisizo na mtandao. Nimepeleka malalamiko dukani, najibiwa: "Fundi, wekeni Windows." Kwa mashine ambazo Windows 11 haizitaki? Na leseni analipa nani?

Kinachonichoma zaidi ni kwamba mzigo huu wamebebeshwa watu wa kujitolea. Draiva bcm43xx ya chipu za kampuni ya Broadcom iliingia kerneli 2.6.17 mwaka 2006 baada ya watu kuchunguza kwa shida draiva iliyofungwa, kundi moja likiandika maelezo na jingine likiandika msimbo. Broadcom wenyewe walitoa draiva ya msimbo wazi Septemba 2010, kwa hiyo inawezekana. Larry Finger, aliyefariki Juni 2024, alitumia miaka mingi kutunza draiva za Wi-Fi na kujibu watu wenye shida kama yangu. Mimi na wengi humu tumewahi kujenga msimbo wake. Kampuni inayouza vifaa dunia nzima haiwezi kuajiri hata mtu mmoja wa kazi hiyo?

Ninachodai ni hiki. Chipu ikibadilika, badilisheni jina la modeli. Andikeni jina la chipu nje ya boksi, lionekane. Kama draiva haimo ndani ya kerneli, futeni neno Linux. Na nyie wenye maduka, turuhusuni kuchomeka kifaa kwenye laptopu na kuangalia `lsusb` kabla hatujalipa.

Wadau, mwenye adapta inayopatikana madukani kwetu na inayofanya kazi bila kujenga draiva aweke hapa namba ya `lsusb`, toleo la bidhaa lililoandikwa kwenye boksi na jibu la `uname -r` (toleo la kerneli). Jina la modeli peke yake msiweke, halina maana.