Kuhifadhi foda ya programu kabla kompyuta haijaenda kwa fundi, bila Git

binti_langoni
Assalamu alaykum. Kompyuta yangu ikipata moto inajizima. Kesho alfajiri naivusha Mokowe nipande nayo basi la Malindi, na fundi ashasema huenda akapiga Windows upya. Ndani mna programu ninayowaandikia wavuvi wetu wa Lamu: samaki akishapimwa, karani anaingiza jina la nahodha, aina (changu, tafi, nguru), kilo na bei. Nimeiandika kwa Python, data imo kwenye SQLite, yaani hifadhidata ya faili moja. Git, ile programu ya kutunza matoleo ya kodi, siitumii, na usiku huu si wakati wa kujifunza. Nina flashi na bando kidogo. Nikinakili foda, faili ni maelfu, mashine inazima kabla haijamaliza. Nibebe nini, niache nini? Humo mna jasho la watu.

fundi_wa_komandi
Wa alaykum salaam, dada. Usiburute foda nzima. Hayo maelfu ni venv, foda ya maktaba za Python ambazo hukuziandika wewe. Tena venv hushika njia kamili ya pale ilipoundwa, ukiihamisha inagoma. Iache, ila kabla hujaiacha iwashe (activate) uandike:

`pip freeze > requirements.txt`

Faili hiyo ndogo inataja kila maktaba na toleo lake. Kama bando lipo, ongeza `pip download -r requirements.txt -d maktaba`, ili kule uendako usihitaji intaneti. Toleo la Python liwe lile lile.

Data ndiyo amana yenyewe. Karani afunge programu kwanza, maana faili ya SQLite ikinakiliwa huku inaandikwa yaweza kutoka mbovu. Kisha:

`sqlite3 samaki.db ".backup nakala.db"`

Fungua hiyo nakala, andika `PRAGMA integrity_check;` na jibu liwe ok. Ndipo unakili:

`robocopy C:\kazi E:\kazi /E /XD venv __pycache__`

Ikizima katikati, rudia komandi ile ile; zilizokwisha kufika inaziruka. Usiweke /MIR hata ukiiona kwenye video! Hiyo hufuta kwenye foda ya flashi unayonakilia kila kisichokuwepo kwenye foda ya kompyuta.

Halafu usilale kabla hujaifungua nakala kwenye mashine ya mtu mwingine. Kuona majina ya faili kwenye flashi hakutoshi.

kijana_shela
Dada, flashi isisafiri mkoba mmoja na kompyuta. Tengeneza zipu kwa 7-Zip, itie nywila kwa sababu mna majina na pesa za watu, ujitumie kwa barua pepe. Git tutaongea ukirudi, haitaki hata intaneti.

binti_langoni
Allah awalipe kheri. Integrity ni ok. Nimeifungua kwenye kompyuta ya mpwa wangu, venv mpya, maktaba kutoka kwenye flashi kwa `pip install --no-index --find-links maktaba -r requirements.txt`. Jumla ya kilo za nguru za mwezi uliopita nimeilinganisha mashine zote mbili, ni ile ile, na ya changu pia. Flashi nimemwachia mama, zipu imeshafika. Fundi apige Windows yake.